Vigae Havizuii Maji: Sayansi ya Bafu Lisilovuja

MALENGO

Ukimaliza kusoma makala haya uweze:
(a) kueleza jinsi maji yanavyopenya katika ukuta na sakafu ya bafu lenye vigae;
(b) kutumia kanuni za kapilari, kanieneo, mtanuko wa joto na mmenyuko wa saruji kueleza unyevu ndani ya nyumba;
(c) kutaja kwa mpangilio hatua za kuzuia maji wakati wa kukarabati bafu;
(d) kujibu swali la matumizi ya sayansi bila kupoteza alama kwa maelezo ya jumla.

1. UTANGULIZI

Mtahiniwa, maswali ya sayansi hukutaka mara nyingi ueleze jambo la kila siku kwa kutumia kanuni uliyojifunza darasani. Wengi huikariri kanuni vizuri, lakini wakiletewa ukuta uliolowa hawaoni kwamba ni kanuni ileile. Makala haya yanachukua jambo moja tu, bafu la nyumbani, na kulifuata hadi mwisho.

Mfano wetu tunautoa Tunduma, mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe. Utakumbuka kwamba mkoa huu ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, na makao yake makuu yako Vwawa, Wilaya ya Mbozi. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia inapita hapa, na mji unakua haraka. Nyumba nyingi zimejengwa kwa matofali ya kuchoma. Miaka ya nyuma bafu lilikuwa kibanda cha nje. Leo watu wanaliingiza ndani, wanaweka bomba la mvua na kubandika vigae, ambavyo mitaani huitwa pia marumaru au tailizi. Fedha ya kazi hiyo mara nyingi ni akiba ya muda mrefu: faida ya duka la mpakani au malipo ya kahawa ya msimu mzima kule Mbozi.

Baada ya mwaka mmoja au miwili, rangi ya chumba kilichopakana na bafu huanza kubanduka. Mwenye nyumba huuliza, "Fundi, mbona ukuta wa chumbani umelowa?" Fundi hujibu, "Mama, hiyo ni baridi tu ya Juni." Je, ni kweli? Ukimaliza makala haya utaweza kujibu swali hilo kwa hoja.

2. WAZO KUU

Shika sentensi hii moja, maana mengine yote yanatokana nayo: vigae havizuii maji, kinachozuia maji ni tabaka lililo nyuma ya vigae.

Kigae kina uso unaong'aa ambao maji hayapiti. Lakini mgongo wa kigae cha kawaida cha ukutani una vitundu vingi, na unaweza kunyonya maji yanayozidi asilimia 10 ya uzito wake. Kigae kigumu cha poselini hunyonya maji yasiyozidi asilimia 0.5. Hata hivyo, ukuta haufunikwi na kigae kimoja. Kati ya kigae na kigae kuna mwanya wa milimita 2 au 3, nao hujazwa grauti. Grauti ya kawaida ni saruji iliyochanganywa na unga laini wa mawe, nayo ina vitundu vidogo sana. Maji hupita humo polepole, hata kama haina ufa wowote.

Tufanye hesabu. Familia ina watu 6, na kila mmoja anaoga mara mbili kwa siku kwa ndoo moja ya lita 20.

Maji kwa siku = 6 × 2 × 20 = lita 240.
Maji kwa mwaka = 240 × 365 = lita 87,600.

Tuseme sehemu 1 tu kati ya 1,000 ndiyo inayopenya kwenye grauti. Hiyo ni lita 87.6 kwa mwaka, yaani zaidi ya ndoo 4 zilizomwagwa ndani ya ukuta na chini ya sakafu. Hakuna aliyeziona zikimwagwa, ila ukuta umezipokea.

3. MAJI YANAPENYA KWA NJIA GANI?

3.1 Kapilari

Maji huvutwa na kuta za tundu jembamba kwa kani ya mwambatano, yaani mvutano kati ya chembe za maji na chembe za kitu kingine. Kani hiyo ikizidi kani ya mshikamano wa chembe za maji zenyewe, maji hupanda ndani ya tundu. Kadiri tundu linavyokuwa jembamba, ndivyo maji yanavyopanda juu zaidi.

Kwa maji safi kwenye tundu linalolowana vizuri, makadirio ni haya:

nusukipenyo milimita 1: maji hupanda sentimita 1.5 hivi;
nusukipenyo milimita 0.1: sentimita 15 hivi;
nusukipenyo milimita 0.01: mita 1.5 hivi.

Tofali la kuchoma limejaa matundu ya namna hii, ya ukubwa mbalimbali. Ndiyo maana ukuta unaweza kulowa hadi kimo cha kiuno wakati maji yako sakafuni. Kwa vitendo unyevu haufiki kimo chote cha makadirio, kwa sababu sehemu ya maji huvukiza kutoka usoni mwa ukuta kabla ya kupanda zaidi.

Jaribio la nyumbani: Chukua matofali mawili makavu ya kuchoma. La kwanza liache lilivyo. La pili lipake nta ya mshumaa iliyoyeyushwa upande wa chini na pande zote hadi sentimita 5, bila kuacha nafasi. Yasimamishe kwenye sinia lenye maji ya kina cha sentimita 2. Weka alama ya unyevu kila baada ya dakika 10. Tofali la kwanza litalowa kwenda juu. La pili litabaki kavu, isipokuwa pale ulipoacha upenyo. Nta hapo imefanya kazi ya tabaka la kuzuia maji, na ule upenyo ndio kosa la fundi.

3.2 Nyufa za kwenye kona

Sakafu na ukuta havitembei pamoja. Sakafu ya zege imekaa juu ya ardhi, ukuta umebeba paa. Maji ya moto yakimwagika, vigae hutanuka, yakipoa, husinyaa. Nyumba mpya nayo hutitia kidogo inapokaa kwenye udongo wake. Mwendo wote huo hukutana kwenye kona, pale ukuta unapogusa sakafu na pale kuta mbili zinapokutana. Grauti ni ngumu na haivutiki, kwa hiyo hupasuka. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kupitisha maji, na kwa wembamba wake kapilari huyavuta ndani.

3.3 Matundu ya mabomba

Bomba la mvua, koki na tundu la kutolea maji sakafuni hupita katikati ya vigae. Kila penye bomba pana duara la mwanya kulizunguka. Bomba la plastiki na saruji havishikani vizuri, kwa hiyo mwanya huo hufunguka mapema.

3.4 Bomba linalovuja ndani ya ukuta

Hapa kanuni ni ya kanieneo:

kanieneo = densiti × mvutano wa dunia × kimo.

Tangi likiwa mita 5 juu ya koki:

kanieneo = 1,000 × 10 × 5 = paskali 50,000.

Linganisha na maji ya kina cha sentimita 3 yaliyotuama sakafuni: 1,000 × 10 × 0.03 = paskali 300. Utaona kwamba tundu dogo kwenye bomba hutoa maji kwa nguvu, usiku na mchana, wakati ufa wa sakafuni hupitisha maji pale tu watu wanapooga. Tofauti hii itakusaidia katika sehemu ya 7.

4. KEMIA YA SARUJI NA UNGA MWEUPE

Watu husema saruji "imekauka". Katika mtihani usiandike hivyo. Saruji hukomaa kwa mmenyuko wa kikemia kati yake na maji, si kwa kukauka. Mmenyuko huo hutumia maji yenye uzito wa takriban robo ya uzito wa saruji. Lakini ili mchanganyiko ulainike, fundi huongeza maji zaidi. Maji ya ziada hayaingii kwenye mmenyuko. Huvukiza na kuacha vitundu. Kwa hiyo lipu iliyochanganywa maji mengi ina vitundu vingi, na vitundu vingi maana yake ni kapilari nyingi.

Hii pia ndiyo sababu ya kumwagilia lipu mpya. Ikikauka haraka kwa jua na upepo, mmenyuko hukosa maji kabla haujaendelea vya kutosha, lipu huwa dhaifu na hupasuka. Imwagilie kwa siku 7 hivi.

Mmenyuko wa saruji huzalisha pia kalsiamu hidroksidi. Maji yanayopita ukutani huyeyusha kiasi chake na kukibeba hadi usoni. Huko hukutana na kabonidayoksaidi ya hewani:

Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O

Kalsiamu kaboneti haiyeyuki kwa urahisi katika maji, hivyo hubaki ukutani kama unga au ganda jeupe. Chumvi nyingine zilizokuwa ndani ya matofali na mchanga nazo hubebwa kwa njia hiyohiyo. Ukiona unga mweupe, huo ni ushahidi kwamba maji yamepita ndani ya ukuta na kutokea upande huo. Baridi peke yake haitoi unga huo.

Zingatia: Usichanganye unga mweupe na ukungu. Ukungu ni kiumbe hai, mara nyingi huwa mweusi au wa kijani, na huota hata juu ya unyevu wa hewani ulioganda ukutani.

5. JAMBO LA KALE LENYE JINA JIPYA

Kazi ya kuzuia maji si ngeni kwetu. Neno lenyewe "saruji" limetujia kupitia Kiarabu, na asili yake ni Kiajemi. Nchini Oman, saruji ya kale ilitengenezwa kwa kuchoma udongo wa mfinyanzi, kuusaga na kuuchanganya na chokaa. Ilitumika kupaka mifereji ya maji iitwayo aflaji, ambayo mwaka 2006 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Udongo uliochomwa una silika, ambayo humenyuka na chokaa na kutengeneza kitu kigumu kisichoharibika majini.

Katika pwani yetu, Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani ya karne ya 14 ilikuwa na bwawa la kuogea lenye pande nane. Kule Unguja, Seyyid Said alijenga mabafu ya Kidichi mwaka 1850, na Sultani Barghash, aliyetawala kati ya 1870 na 1888, alijenga mabafu ya Hamamni. Mafundi wa zamani walijua kwamba jiwe na urembo wa juu havitoshi. Nyuma yake lazima kuwe na kitu kinachokataa maji. Sisi tumepata vigae vizuri kutoka viwanda vya Chalinze na Mkuranga, lakini wengi tumeacha lile tabaka la nyuma.

6. HATUA ZA KUKARABATI BAFU

Mpangilio ni muhimu. Hatua ikirukwa haiwezi kurudishwa bila kubomoa.

Hatua ya 1: Kubomoa na kukagua. Ondoa vigae vya zamani na lipu iliyolegea. Gonga ukuta kwa nyundo ndogo. Mlio mtupu unaonyesha lipu imeachana na tofali. Acha ukuta uliolowa upumue hadi ukauke. Mvua za Songwe huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au zaidi, kwa hiyo kiangazi ni wakati mzuri wa kazi hii.

Hatua ya 2: Mabomba. Weka mabomba yote, ziba ncha zake, fungulia maji na uyaache na kanieneo kwa saa kadhaa kabla ya kuyafunika kwa lipu. Kiungo kinachotoa jasho leo kitavuja kesho.

Hatua ya 3: Lipu. Piga lipu ya uwiano wa saruji 1 kwa mchanga 4. Mchanga uwe msafi, usio na udongo. Tumia timazi na pima maji, kisha mwagilia.

Hatua ya 4: Mteremko wa sakafu. Sakafu iteremke kuelekea tundu la kutolea maji, kwa kiwango cha 1:50 mahali pa kuogea. Kama umbali kutoka ukutani hadi kwenye tundu ni mita 1.5, sakafu ishuke milimita 1,500 ÷ 50 = milimita 30. Mteremko uwe chini ya tabaka la kuzuia maji. Ukiuweka juu yake tu, maji yaliyopenya yatatuama juu ya tabaka bila pa kwenda.

Hatua ya 5: Tabaka la kuzuia maji. Ziko aina tatu zinazokutikana madukani:

(i) Dawa ya kuchanganya kwenye lipu. Hupunguza vitundu, lakini lipu ikipasuka maji hupita kwenye ufa. Ni msaada, haitoshi peke yake.
(ii) Dawa ya kupaka yenye saruji na polima. Hushikana na lipu na hushikana na gundi ya vigae. Ndiyo inayofaa zaidi chini ya vigae.
(iii) Lami. Huzuia maji vizuri, lakini gundi ya vigae haishiki vizuri juu yake. Hufaa chini ya sakafu ya zege au kwenye msingi.

Ukinunua, angalia alama ya ubora ya TBS, tarehe ya mwisho wa matumizi, na maelekezo ya kuchanganya. Kopo lisilo na maelekezo unayoweza kuyasoma ni kopo la kubahatisha.

Safisha vumbi, lowanisha lipu kidogo kama maelekezo yanavyotaka, kisha anza na kona. Paka dawa, lazia utepe wa kitambaa cha wavu kwenye kona zote na kuzunguka mabomba, paka tena juu yake. Utepe ndio unaovumilia mwendo wa sakafu na ukuta tuliouona katika 3.2. Kisha paka eneo lote mara mbili. Mkono wa kwanza uende wima, wa pili uende mlalo, ili upenyo ulioachwa na brashi ya kwanza uzibwe na ya pili. Mahali pa kuogea dawa ipande hadi mita 1.8 au kupita kimo cha bomba la mvua. Sakafu yote ipakwe, na kuta nyingine zipakwe angalau sentimita 15 kutoka sakafuni.

Subiri kila mkono ukomae kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Wakati wa baridi ya Juni na Julai, ongeza muda. Mmenyuko na uvukizi hupungua kasi joto linaposhuka.

Hatua ya 6: Jaribio la maji. Tazama sehemu ya 7.

Hatua ya 7: Vigae, grauti na silikoni. Bandika vigae kwa gundi, ukitumia mwiko wenye meno, na hakikisha mgongo wote wa kigae umeshika. Usibandike kwa madonge matano ya saruji. Nafasi tupu nyuma ya kigae hugeuka kuwa visima vidogo. Jaza grauti kati ya vigae. Kwenye kona na kuzunguka mabomba usijaze grauti, weka silikoni, kwa sababu silikoni huvutika na kurudi.

Hatua ya 8: Ulinzi. Ukitoboa ukuta kwa ajili ya kishikio cha taulo, umetoboa na tabaka. Jaza tundu silikoni kabla ya kukaza skrubu.

7. KUPIMA NA KUTAMBUA

7.1 Jaribio la maji kabla ya vigae

Ziba tundu la kutolea maji, weka kizuizi kidogo mlangoni, mwaga maji, weka alama ya kimo chake na uyaache kwa saa 24. Kisha kagua chumba cha jirani na upande wa nje wa ukuta. Kimo kikishuka sana, au ukuta wa pili ukilowa, tafuta upenyo na upake tena.

Wengine hukataa jaribio hili kwa kusema maji ni ya shida. Tukokotoe. Sakafu ya mita 1.5 kwa mita 1.2, maji ya kina cha wastani cha sentimita 3:

1.5 × 1.2 × 0.03 = mita za ujazo 0.054 = lita 54.

Hizo hazifiki ndoo 3 za lita 20, na baada ya jaribio zinaweza kutumika kumwagilia lipu ya mahali pengine. Gharama ya kutopima ni kubomoa vigae vyote, kwa sababu kigae kilichobandikwa vizuri hakitoki kizima.

7.2 Unyevu unatoka wapi?

Sasa turudi kwenye dai la fundi, kwamba ni baridi ya Juni. Dai hilo si la kupuuzwa. Mvuke wa bafuni ukigusa ukuta wa baridi huganda kuwa matone, na nyanda za juu za Songwe zina baridi ya kutosha. Lakini dai linapimika.

Kata karatasi ya nailoni ya sentimita 30 kwa 30, ibandike ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne, subiri saa 24.

Matone yakiwa upande wa chumbani: chanzo ni mvuke wa hewani. Tiba ni dirisha na hewa kupita.
Matone yakiwa nyuma ya nailoni, upande wa ukuta: maji yanatoka ndani ya ukuta. Hapo si baridi.

Likithibitika ni la ukutani, uliza swali la pili: ni bomba au ni sakafu? Funga koki zote ndani ya nyumba na uangalie mita ya maji. Ikiendelea kuzunguka, kuna bomba linalovuja. Ikisimama, acha kuoga humo kwa siku kadhaa. Unyevu ukipungua, maji yanapita kwenye sakafu, kona au grauti.

8. SWALI LA MFANO NA JIBU LAKE

Swali: Nyumba moja mjini Vwawa imejengwa kwa matofali ya kuchoma. Bafu lake lina vigae kutoka sakafuni hadi mita 2. Miaka miwili baada ya ukarabati, rangi ya chumba cha jirani inabanduka hadi sentimita 60 kutoka sakafuni, na unga mweupe umetokea.
(a) Eleza kwa nini unyevu umepanda ingawa maji kwa kawaida hutiririka kwenda chini. (alama 4)
(b) Eleza unga mweupe umetokeaje. (alama 3)
(c) Mwenye nyumba anataka kupaka rangi ya mafuta chumbani ili kuficha unyevu. Toa sababu za kumshauri asifanye hivyo. (alama 3)

Jibu:
(a) Matofali ya kuchoma yana matundu membamba yaliyoungana. Kani ya mwambatano kati ya maji na tofali ni kubwa kuliko kani ya mshikamano wa maji. Maji huvutwa juu kwa kapilari, na hupanda zaidi katika matundu membamba. Unyevu umeishia sentimita 60 kwa sababu hapo uvukizi umelingana na maji yanayopanda.
(b) Maji yaliyopita ukutani yameyeyusha kalsiamu hidroksidi ya saruji na kuifikisha usoni. Imemenyuka na kabonidayoksaidi ya hewani. Imetokea kalsiamu kaboneti, ambayo haiyeyuki kwa urahisi, na maji yamevukiza.
(c) Rangi haiondoi chanzo, maana maji yanaingia upande wa bafu. Rangi ya mafuta huzuia uvukizi, hivyo unyevu utapanda juu zaidi ya sentimita 60. Maji na chumvi nyuma ya rangi vitaisukuma na kuibandua.

Angalia jibu la (a). Mtahiniwa anayeandika tu "kwa sababu ya kapilari" ametaja jina la kanuni bila kueleza, na hatarajii zaidi ya alama moja. Taja kitu chenye matundu, taja kani, taja matokeo, kisha tumia namba iliyomo kwenye swali.

9. KUMBUKA

Mtihani wako ni Novemba, mvua zinapoanza. Ukisubiri matokeo, huenda ukaingia kwenye ujenzi kama saidia fundi, au baadaye ukajiunga na chuo cha VETA kusomea uashi au ufundi bomba. Saidia fundi ndiye anayechanganya lipu, anayeshika brashi, na anayepita na viatu vyenye kokoto juu ya dawa ambayo haijakomaa. Kwa hiyo unayo nafasi ya kuokoa kazi au kuiharibu kabla hata hujaitwa fundi. Ukiona vigae vinaletwa na tabaka halijapakwa, uliza kwa adabu: "Samahani fundi, nyuma yake tunaweka nini?" Swali hilo linaweza kuokoa akiba ya familia.

10. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Umbali kutoka ukuta hadi tundu la kutolea maji ni mita 1.8. Kwa mteremko wa 1:50, sakafu ishuke milimita ngapi?
2. Sakafu ya bafu ni mita 1.6 kwa mita 1.25. Jaribio linahitaji maji ya kina cha wastani cha sentimita 3. Zinahitajika ndoo ngapi za lita 20?
3. Tangi liko mita 4 juu ya koki. Tafuta kanieneo kwenye koki. (Mvutano wa dunia = 10 N/kg)
4. Kwa nini kona za bafu huwekwa silikoni badala ya grauti?
5. Fundi ameongeza maji mengi kwenye lipu ili ipigwe kwa urahisi. Eleza athari yake kwa unyevu wa ukuta.
6. Karatasi ya nailoni iliyobandikwa ukutani ina matone upande wa chumbani tu. Toa hitimisho na ushauri.

Majibu kwa ufupi: (1) Milimita 36. (2) Lita 60, yaani ndoo 3. (3) Paskali 40,000. (4) Kona hupata mwendo wa ukuta na sakafu. Silikoni huvutika, grauti hupasuka. (5) Maji ya ziada huvukiza na kuacha vitundu, kapilari huongezeka. (6) Ni mvuke wa hewani ulioganda. Kuwe na dirisha la kupitisha hewa.